Kitufe, kitufe, kitufe

Nimekuja kuwapa nyota moja hawa wenye programu ya benki yangu. Mimi sioni. Simu naitumia kwa TalkBack: nikigusa kitu kinatajwa jina, nikigonga mara mbili kinafunguka. Na haki ya mtu tusimnyime, kabla ya toleo hili jipya sikuwa na ugomvi nao. Nilikuwa natuma pesa mwenyewe, nimejikalia zangu, bila kumwita mtu.

Juzijuzi programu ikajisasisha. Naingia, nagusa juu: "kitufe." Nagusa pembeni: "kitufe." Chini: "kitufe." Cha kutuma ni kipi, cha kulipa bili kipi? Kumbe wameondoa maandishi wakaweka vipicha (vizuri, nasikia) na hakuna aliyekumbuka kuvipa majina. Ni maneno mawili matatu tu ya kuandika nyuma ya kila kipicha! WCAG, ule mwongozo wa kutengeneza tovuti ambazo na sisi wenye ulemavu tunaweza kuzitumia, ulishalidai jambo hilo tangu 1999, simu hizi za kupapasa hata hazijaenea. Nikabahatisha kimoja, nikajikuta nimetolewa nje.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea ana sauti ya upole kabisa. "Kwani hapo ulipo hakuna mtu anayeona akubonyezee?"

Nikamwambia, dada yangu, huyo mtu si ataona salio langu? Na namba ya siri nimtajie? Si nyinyi mnaotutumia ujumbe kila leo kwamba tusimpe mtu yeyote? Kimya. Halafu: "Basi fika tawini, kaka." Tawini nikajaze fomu ya karatasi, nijaziwe na nani? Na mtu anayeona!

Nikitulia nakiri kwamba pesa yangu haijawahi kupotea kwao, na kuingia kwa alama ya kidole bado kunakwenda vizuri. Labda tatu zingewatosha. Lakini nikikumbuka lile "hakuna mtu", lilivyotamkwa kama vile naomba kushikwa mkono kuvuka barabara, tatu zinarudi kuwa moja. Hata hiyo moja ni ya yule dada, alau alipokea simu.

Nilitaka kuwapa hukohuko ndani ya programu. Nyota zipo tano, na zote zinaitwa "kitufe." Nimegonga mojawapo. Wakiona nimewapa tano wasisherehekee.