Uzoefu wangu na masa harina: nimepika champurrado nyumbani

Mkesha wa Krismasi hapa Chicago, jirani yetu mmoja, mama wa kutoka Puebla, Meksiko, alituletea tamales, yaani maandazi ya unga wa mahindi yaliyofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, na jagi la champurrado. Champurrado ni atole, yaani uji wa mahindi wa Meksiko, uliotiwa chokoleti. Nilikunywa vikombe vitatu, na kesho yake nikataka kupika wangu.

Mimi nimekulia kwenye uji, kwa hiyo nikachukua sembe iliyokuwa kabatini nikaanza. Ukatoka uji wa sembe wenye chokoleti. Mtamu, lakini haukuwa kile kinywaji. Nikajaribu pakiti ya kukoroga haraka: wanga, sukari na harufu ya dukani. Siirudii.

Nilipomweleza mama jirani, akaniuliza swali moja tu: unga gani? Hapo ndipo nilipokwenda Pilsen, mtaa wa Wameksiko hapa Chicago, kununua mfuko wa masa harina, unga wa mahindi wa Meksiko, na hili ndilo ninalotaka mlijue. Mahindi ya unga huu huchemshwa kwanza na chokaa, yakalowekwa, yakaoshwa mpaka maganda yatoke, ndipo yakasagwa na kukaushwa. Wenyeji wa Meksiko walikuwa wakifanya hivyo karne nyingi kabla Wahispania hawajafika. Chokaa hiyo ndiyo inayofanya niasini (vitamini B3) iliyofungika kwenye mahindi iweze kutumika mwilini. Ukifungua mfuko tu unasikia harufu nzito, ya mahindi mabichi na ukuta uliopakwa chokaa jana. Sembe haina harufu hiyo.

Dukani angalia neno nixtamalizado kwenye mfuko, maana yake mahindi yamepikwa kwa chokaa. Unga wa arepa, ule wa mikate ya mahindi ya Venezuela na Kolombia, hukaa rafu hiyohiyo nao umeshapikwa, ila haukupitia chokaa. Usichanganye.

Ninavyopika: nusu kikombe cha unga nakoroga na kikombe kimoja na nusu cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Sufuriani nachemsha maji kikombe kimoja na nusu, kijiti cha mdalasini na piloncillo, ambayo ni sukari guru ileile tunayoijua, imegandishwa kwa umbo la pia. Ikiyeyuka, namimina unga kupitia chujio, kisha vikombe viwili vya maziwa, chumvi kidogo sana na kipande kimoja cha duara cha chokoleti ya Meksiko, ile yenye chengachenga za sukari. Moto mdogo, dakika kama kumi na tano, na mkono usitoke sufuriani, maana chokoleti hushika chini upesi mno.

Kifaa kilichonigusa moyo ni molinillo, mti wa kuchonga wenye pete za mbao zinazocheza. Unausimamisha sufuriani ukaupekecha katikati ya viganja mpaka povu lipande. Nilipoushika mara ya kwanza, mikono ilijua yenyewe la kufanya. Bibi yangu alinifundisha kupekecha mlenda nikiwa na miaka saba.

Mfuko nimeshanunua wa tatu. Tahadhari yangu ni moja: usitie unga kwa kipimo cha uji wa sembe. Huu unaendelea kuwa mzito hata baada ya kuepuliwa, na ukilala unaganda kabisa. Asubuhi naongeza maziwa nusu kikombe, napasha taratibu huku napekecha, na watoto wanakunywa kabla ya basi la shule kufika.