Bible App for Kids: nzuri sebuleni, ngumu darasani

Programu hii ya simu yenye hadithi za Biblia kwa watoto, ya YouVersion (watengenezaji wa Biblia ya simu) na OneHope (huduma ya Kikristo kwa watoto), iliyotoka 2013, ni ya bure na haina matangazo. Pakua hadithi mapema ukiwa na Wi-Fi. Baada ya hapo mtoto anasikiliza bila bando.

Picha zinacheza zikiguswa, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mtoto wa miaka minne hugusa kila kitu, akakimbilia zawadi za mwisho, na msimulizi akabaki anaongea peke yake. Dawa yake: simu ishikwe na mzazi, hadithi moja tu kwa jioni, na kugusa kuruhusiwe sauti ikishanyamaza. Kisha fungua Biblia yenyewe. Kwa Daudi na Goliathi, soma 1 Samweli 17:40, mtoto ahesabu mawe matano kwa vidole, halafu aombe kwa maneno yake mwenyewe (hata kama ni kuombea kuku).

Shule ya Jumapili ni kazi nyingine. Simu moja kwa watoto thelathini ni ugomvi mtupu. Bila projekta na spika, mwalimu asimulie kwa mdomo, watoto waigize.

Wa miaka kumi na kuendelea wataiona ya kitoto. Wapeni Biblia.