Wiki ya kuzamia Bonaire tukiwa wanane: unacholipia ni pikapu na mitungi

Ukilipia wiki ya kuzamia Bonaire, kisiwa cha Karibea, unacholipia hasa ni pikapu na mitungi. Mwongozaji hayumo, boti haimo, na ratiba mtaipanga wenyewe. Kifurushi chetu cha watu wanane kilikuwa na nyumba yenye uga wa kuanikia vifaa, pikapu mbili, na hewa "bila kikomo" kwa siku sita. Nakipa nyota nne kati ya tano. Kundi linalojua kujipanga litajiona limekabidhiwa kisiwa kizima. Kundi linalosubiri mtu aseme "haya, twendeni" litarudi na mbizi nane pale palipowezekana ishirini, na lawama juu.

Kwa aliyezoea Pemba, Mnemba au Mafia, tofauti ya kwanza ni maji yenyewe. Kwetu kuzamia ni kwa boti, na saa ya kutoka inaamuliwa na bahari: ni bamvua au maji mafu, yanajaa au yanatoka. Bonaire maji yanapanda na kushuka kama sentimita 30 tu, kwa hiyo hakuna anayeuliza yamekupwa saa ngapi. Upepo unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, na pwani ya magharibi, upande wa demani, inabaki shwari. Mwamba uko karibu na ufukwe: kwanza uwanda wa mchanga na matumbawe laini unaoishia kwenye mita 8 au 10, kisha ukingo, kisha mteremko unaoshuka hadi mita 30 na zaidi. Kando ya barabara, mahali pa kuzamia pamewekwa jiwe lililopakwa rangi ya manjano na kuandikwa jina. Unaona jiwe, unaegesha, unaingia. Upepo ukigeuka ukatoka magharibi, jambo linaloweza kutokea kimbunga kikipita kaskazini ya kisiwa, msiingie kabisa. Vimbunga Lenny cha 1999 na Omar cha 2008 viliyavunja matumbawe ya kina kifupi upande huuhuu.

Karatasi kwanza. Bonaire iko chini ya Uholanzi lakini viza yake ni ya Karibea, si ile ya Schengen, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aulizie ubalozi wa Uholanzi mapema, kabla ya kununua tiketi. Fedha inayotumika ni dola ya Marekani tangu 2011. Mgeni analipa kodi ya kuingia, dola 75, na ada ya mazingira, dola 40, inayokusanywa na STINAPA, shirika linalosimamia hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1979. Lipeni mtandaoni kabla ya safari na kila mtu awe na risiti kwenye simu. Kituo hakikupi mtungi bila risiti, na mmoja akikwama kaunta wenzake saba wanasubiri juani.

Halafu kuna mbizi ya majaribio. Ni lazima kwa kila mgeni, na wengi wanaiona usumbufu. Mimi naiona ndiyo saa yenye faida kuliko zote katika wiki, kwa sababu ya risasi, yaani uzito wa kukushusha unaovaa kiunoni. Mitungi ya kule ni ya alumini, lita 11. Ukiwa umejaa unazama. Ukibaki na bar 50 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa, na mtungi uliojaa una 200) unaanza kukuvuta juu, tofauti ya karibu kilo mbili. Aliyezoea mitungi ya chuma akija na hesabu yake ya zamani, mwanzo wa mbizi yuko sawa, mwisho anashindwa kutulia kwenye mita 5 na anatoka juu kama boya. Pimeni hivi: mwisho wa mbizi, geji ikisoma bar 50, toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, vuta pumzi ya kawaida uishike, usipige miguu. Maji yakikufika usawa wa macho, uzito umetosha. Ukizama, punguza kilo moja. Ukielea kifua wazi, ongeza. Andika namba hiyo ukutani nyumbani, maana siku ya tatu hakuna anayeikumbuka.

Sasa pikapu. Gari moja linabeba watu wanne na mitungi minane bila kubanana, yaani mbizi mbili kwa kila mtu kabla ya kurudi kituoni. Ulizeni kama nyuma pana rafu ya kushikilia mitungi. Bila rafu inabiringika kwenye kona na kugonga valvu. Nyingi ni za gia za mkono, kwa hiyo hakikisheni kila gari lina madereva wawili wanaoziweza. Mkiegesha, acheni milango bila kufungwa na vioo vimeshushwa, na ndani pasibaki kitu. Wezi wanavizia magari ya wazamiaji kwa sababu wanajua mtakuwa chini ya maji saa nzima. Kioo kilichovunjwa utakilipa wewe. Simu, pesa na pasipoti zinabaki nyumbani. Funguo ya kawaida inaingia mfukoni mwa jaketi, lakini ile yenye kifaa cha umeme ndani haivumilii chumvi, itieni kwenye kichupa kisichopitisha maji.

Mitungi mnaichukua wenyewe kwenye dirisha la kujazia. Pimeni kila mmoja palepale. Ulioandikwa 200 unaweza kusoma 180, na bar 20 ni dakika tano au sita za mbizi yako. Kama ni naitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni, na kwa wiki ya mbizi tatu au nne kwa siku sioni sababu ya kutumia hewa ya kawaida, kila mzamiaji apime oksijeni ya mtungi wake kwa mkono wake, aandike asilimia, kina cha mwisho na jina lake kwenye utepe, kisha atie sahihi daftarini. Kwa asilimia 32 kina cha mwisho ni mita 33. Kumpimia mwenzako "kwa sababu yuko chooni" ni uzembe. Bebeni pia ringi za mpira za valvu, angalau kumi. Ringi iliyopasuka inapiga mluzi mara tu unapofungua mtungi. Kubadilisha ni dakika moja ukiwa nayo, na ni safari ya kurudi kituoni ukiwa huna. Mwenye regulata (kifaa cha kupumulia) ya DIN, yaani ya kuskrubu ndani ya valvu, aulize kabla: mitungi mingi ina kipande cha kati kinachofunguliwa kwa ufunguo wa alen, ila si yote.

Kundi lenyewe ligaweni wawiliwawili kwa kiasi cha hewa wanachotumia, si kwa urafiki wala ndoa. Hesabu ni hii. Mtungi wa lita 11 wenye bar 200 una lita 2,200. Ukiacha bar 50 za akiba, za kutumia ni kama lita 1,650. Mtu anayevuta lita 18 kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 20 anavuta mara tatu, lita 54, na hewa inamtosha dakika 30. Kwenye mita 10 anavuta 36 na anapata 45. Mwenzake anayevuta lita 12 bado ana dakika 15 hadi 23 nyingine. Mkiwafunga pamoja, mmoja atakuwa anahema kwa wasiwasi na mwingine ananuna kila siku. Na msizame wanane kwa safu moja. Wanane wanatimua mchanga, kila mtu anahesabu vichwa, na mbizi inaisha mwenye hewa kidogo anapomaliza. Wawili wanajitegemea, wana boya lao na tochi yao, na wote wanakutana garini saa mliyokubaliana. Mwenye leseni ya mwanzo anaishia mita 18. Bonaire hilo halimnyimi kitu, maana rangi na samaki wengi wako juu ya mita 15.

Kuingia na kutoka ndiko kunakovunja vifundo. Chini ni vifusi vya matumbawe na mwamba wenye makali, kwa hiyo viatu vya mpira vyenye soli ngumu na mapezi ya mkanda. Mapezi ya kuvaa peku yaacheni nyumbani. Jaketi lijazwe nusu, miwani usoni, regulata mdomoni, mapezi mkononi. Mwenzako akushike mkono. Hesabuni mawimbi, yakitulia mwende kwa kuburuta miguu badala ya kuinyanyua. Maji yakifika kifuani, laleni mvae mapezi mkiwa mnaelea. Kosa kubwa liko kwenye kutoka: mtu amechoka, anavua mapezi maji yakiwa magotini, wimbi linampiga mgongoni akiwa na kilo kama 15 za mtungi. Tambaa. Hakuna wa kukucheka, wenyeji nao wanatambaa.

Kwenye ukingo tazameni mkondo kwa matumbawe laini: yanakolalia ndiko maji yanakokwenda. Anzeni kwa kwenda dhidi yake, geukeni bar 120, rudini kwa kina kifupi mkibebwa. Kabla ya kushuka, kariri kitu cha chini ya boya la kufungia boti, kama jiwe la saruji, na kina chake. Ukikiona unajua mlango wa kutokea uko hapo. Dakika 3 za kutulia kwenye mita 5 kabla ya kupanda mtazimaliza mkiangalia mikunga kwenye uwanda.

Mahali pa kwenda? Hilma Hooker, meli ya mizigo iliyokamatwa na shehena ya bangi na kuzama 1984, imelalia ubavu kwenye mita 30, na ubavu wa juu uko kama mita 18. Iwe mbizi ya kwanza ya siku, na msiingie ndani. Salt Pier, gati la kupakilia chumvi, lina nguzo zilizovaa sponji na makundi ya samaki chini yake. Meli ikiwa imefunga gatini ni marufuku kuzama, kwa hiyo muwe na jiwe jingine la karibu akilini. 1000 Steps jina ni la kujigamba, ngazi hazifiki 80, ila kuzipanda na mtungi utazihesabu zote. Ukishaipita hiyo, barabara ya pwani inakuwa ya upande mmoja hadi Karpata, mahali pengine pa kuzamia, na mtarudi kwa kuzunguka kijiji cha Rincon, hivyo pangeni mahali pa kaskazini kwa mfuatano. Ukilisahau jiwe moja huwezi kugeuza. Klein Bonaire, kisiwa kidogo kisichokaliwa mbele ya mji mkuu, Kralendijk, kinahitaji boti ya kulipia kando. Siku moja inatosha.

Usiku msiukose. Siku mbili hadi tano baada ya mwezi mpevu, kama dakika 45 baada ya jua kuzama, vijidudu vya baharini vinatoa mikufu ya nukta za buluu ili dume limvute jike. Zimeni tochi zote, tulieni juu ya matumbawe laini, msubiri. Usiku wa kawaida taponi, samaki mrefu wa magamba ya fedha, anawafuata nyuma na kuwinda kwa mwanga wenu. Ukimmulika samaki mdogo muda mrefu umemhukumu.

Sheria ni kali na zinafuatwa: glavu haziruhusiwi, kwa sababu aliyevaa glavu hushika matumbawe, vijiti vya mwanga wa kemikali haviruhusiwi, mafuta ya jua yenye oksibenzoni yamepigwa marufuku, vaeni fulana ya mikono mirefu. Samaki simba, ambaye kwetu ni mwenyeji na yuko mahali pake, kule ni mvamizi asiye na adui na aliingia kisiwani 2009; wanaomchoma kwa mkuki ni wenye kibali tu. Tangu 2023 kuna pia ugonjwa unaoua matumbawe magumu, na mabaka meupe utayaona. Vifaa vichovyeni kwenye ndoo ya dawa kituoni kila mnapohama sehemu. Kundi letu lilihitaji kukumbushwa hilo kila siku, nalo ni jambo la dakika mbili.

Nyota moja niliyoikata ni ya kituo. "Bila kikomo" maana yake ni mpaka dirisha lifungwe saa kumi na moja jioni. Mtungi wa usiku uchukueni kabla. Suti za kukodi zilikuwa za milimita 3 na zimechakaa magotini. Maji ya nyuzi 27 ni matamu mbizi ya kwanza, lakini kufikia ya nne mtu anatetemeka na hewa yake inaisha mapema. Njoo na milimita 5 yako, au kikoti cha kuvalia ndani. Regulata mbili za kukodi zilivujisha kwenye kinywa. Zilibadilishwa bila ubishi, ila ilibidi tuzigundue wenyewe. Wahudumu ni wapole, na neno moja la Kipapiamentu, lugha ya kisiwani, "danki" kwa asante, linafupisha foleni kuliko malalamiko.

Bima ya wazamiaji kateni kabla ya safari. Kisiwani kuna chumba cha kutibia maradhi ya mgandamizo, yanayompata mzamiaji akipanda haraka mno au akipanda ndege mapema, ila gharama zake si za mfukoni.

Baada ya siku nyingi za mbizi mfululizo acheni saa 18 kabla ya ndege, na mimi ningeacha 24. Siku hiyo kavu ina kazi yake: suti inachukua saa nyingi kukauka kivulini, jaketi linatakiwa kumwagwa maji ya ndani na kusuuzwa mara mbili, na begi la vifaa vibichi linazidi kilo 23 kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Risiti ya ada ya mazingira inawafungulia pia hifadhi ya Washington Slagbaai, kwa hiyo anikeni asubuhi, mwende kutazama flamingo, mrudi mgeuze suti upande wa pili.