Matone ya timololi kwa presha ya macho: uzoefu wangu wa kuyatumia hapa Pemba

Chupani yameandikwa Timolol 0.5%, ml 5. Nayasifu, lakini anayeyanunua akitarajia kuona vizuri zaidi baada ya wiki atayaacha, na macho mengi hupotea kwa namna hiyo. Matone haya hayarudishi nuru iliyokwisha kwenda. Yanalinda iliyobaki.

Ndani ya jicho hutengenezwa maji mfululizo, nayo hutoka kupitia vijitundu vya pembeni, pale kioo cha mbele kinapokutana na duara lenye rangi. Vijitundu vikipitisha kwa shida, presha hupanda na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo; ugonjwa huo ndio glakoma. Kipimo cha kawaida cha presha ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, ingawa wapo wanaoharibikiwa hata chini ya hapo. Kwa kawaida huanza kupotea kuona kwa pembeni, bila maumivu. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji mtu akaona tena. Glakoma haina marejeo hayo. Timololi hupunguza maji yanayotengenezwa, na presha huweza kushuka kwa kiasi cha robo.

Natia tone moja kila jicho, saa moja asubuhi na saa moja usiku. Nawa mikono, inua uso, vuta ukope wa chini ufanye kijifuko, dondosha bila ncha ya chupa kugusa jicho. Lifumbe taratibu, usipepese, kisha bonyeza kwa kidole kona ya ndani kando ya pua kwa dakika mbili. Dukani ni nadra kuambiwa hatua hii, nami naiona kubwa kuliko zote: hapo pana njia ya machozi kwenda puani, na dawa ikipita huko huingia damuni na kupunguza mapigo ya moyo. Ukisikia uchungu kooni, hukubonyeza sawasawa. Tone la pili ni hasara tupu, humwagika shavuni. Kama una dawa nyingine ya macho, subiri dakika tano.

Mwenye pumu asiyaguse, wala mwenye moyo unaopiga polepole, mpaka daktari ajue. Mwenye kisukari anayechoma insulini naye aseme, kwani dawa huficha mapigo ya moyo yanayomuonya kuwa sukari imeshuka.

Latanoprosti, dawa nyingine ya presha ya macho, ina nguvu zaidi na hutiwa usiku tu, lakini kabla ya kufunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwa umeme wetu unaokatika na joto la kaskazi, muulize muuzaji aliiweka wapi. Timololi haidai friji, ila isikae juani. Andika tarehe ya kufungua, na wiki nne zikitimia itupe hata ikibaki. Weka chupa ya akiba.

Ramadhani wanazuoni wengi wanasema tone la jicho halifunguzi. Mwenye wasiwasi atie wakati wa daku na baada ya futari. Usiku na mchana wetu vinakaribiana, kwa hiyo nafasi inatosha.

Jihadhari na matone ya kutibu macho mekundu yenye deksamethasoni yanayonunuliwa bila cheti. Yakitumiwa muda mrefu hupandisha presha ile ile unayoishusha.

Siku ya kliniki tia kama kawaida na umwambie daktari saa uliyotia. Ukiruka, atapima presha ya jicho lisilo na dawa, na huenda akakuongezea dawa usiyoihitaji.