Kununua riwaya za Sanderson ukiwa Mwanza: kipi kianze, kipi kisubiri

Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 2024 nilikuwa kwenye daladala kuelekea Buzuruga, nimebanwa na ndoo ya dagaa upande mmoja na mama mwenye kuku wawili upande wa pili. Nikachungulia simu: Wind and Truth, riwaya mpya ya Brandon Sanderson, ilikuwa imeshashuka yenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeiagiza mapema. Rafiki yangu wa Kirumba, yeye aliagiza nakala ya jalada gumu kutoka Uingereza. Yake ilifika baada ya Pasaka.

Tangu hapo watu wa kundi letu la wasomaji huniuliza wanunueje, kitabu pepe, cha karatasi au cha kusikiliza, nami nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Kwa aliyechelewa: Brandon Sanderson ni Mmarekani anayeishi Utah, anaandika fantasia nene kama tofali. Mashabiki wake hatuishii kwenye hadithi, tunafuatilia na mauzo kama watu wa Simba na Yanga wanavyofuatilia usajili. Machi 2022 alitangaza riwaya nne alizoziandika kimyakimya, akaomba wasomaji wazichangie zichapwe. Zikaingia zaidi ya dola milioni 41 kutoka kwa watu zaidi ya 185,000, na rekodi ya Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ikavunjika. Kwenye tovuti yake huweka asilimia ya kila muswada alipofikia, na kila Desemba, mwezi wake wa kuzaliwa, hutoa taarifa ndefu ya kazi zijazo. Wengine huisoma kwa ushabiki. Mimi huisoma na kalamu mkononi, napanga bajeti.

Maana ratiba yenyewe inakupa nafasi ya kupumua. Mfululizo wake mkubwa, Stormlight, umepangiwa vitabu kumi na umefika cha tano, ndicho hicho Wind and Truth. Cha sita amekipanga kwa miaka ya 2030. Kabla yake anarudi Mistborn, mfululizo wake mwingine, kwa vitabu vitatu, ambavyo ameamua kuviandika vyote ndipo aanze kuvitoa, cha kwanza kikilengwa 2028. Kwa hiyo anayekuambia ukimbilie jalada gumu leo la sivyo utaachwa nyuma, muulize anakimbilia wapi.

Naweka kitabu pepe namba moja, na sibishani. Kinakufikia siku ile ile anayokipata msomaji wa London, hakilipiwi usafiri, na umeme ukikatika Nyakato unaendelea kusoma gizani. Riwaya mpya kubwa kwa kawaida huwa kati ya dola 15 na 20, na ukivumilia miezi kadhaa bei hushuka. Tatizo la wengi wetu ni malipo. Ile kadi ya mtandaoni unayoitengeneza ndani ya akaunti ya pesa za simu inafanya kazi, ila ukiagiza kitabu ambacho hakijatoka, Amazon hawakukati siku ya kuagiza. Wanakukata kinapotoka. Salio liwepo siku hiyo, tena lizidi kidogo, kwa sababu kuna makato ya kubadili fedha. Mimi niliwahi kuweka bei kamili bila ziada hata ya soda, malipo yakakataliwa, na usiku mzima nikakaa nawasoma wenzangu wanavyoshangilia sura ya tatu.

Angalia pia kama faili litakuwa lako kweli. Tangu Februari 2025 Amazon wameondoa ile njia ya kupakua kitabu cha Kindle, yaani kitabu pepe chao, kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Tor, wachapishaji wa Sanderson huko Marekani, huuza vitabu pepe visivyo na kufuli la kuzuia kunakili (DRM) tangu 2012. Kwenye ukurasa wa kitabu pale Kobo, duka jingine la vitabu pepe, huandikwa kama kina kufuli au hakina. Kama hakina, unachukua faili lako na kulihifadhi popote.

Namba mbili ni jalada laini kupitia duka la vitabu la Dar es Salaam au Nairobi. Unapiga simu, wanakutajia bei, kitabu kinapanda basi kama mzigo mwingine wowote, nawe unakwenda kukichukua ofisi ya basi. Kitachelewa, kwa kuwa toleo la jalada laini lenyewe huja miezi mingi baada ya lile gumu. Lakini unashika karatasi, unamwazima mdogo wako, na mwandishi anapata chake. Kabla ya kutuma pesa uliza swali moja: ni kitabu kizima, au ni sehemu? Gollancz, wachapishaji wa Uingereza, huvigawa vile vinene vya Stormlight mara mbili kwenye jalada laini. Jina ni lile lile, na maandishi ya “Part Two” yanaweza kukupita.

Yalinipita mimi, na hapo ndipo tunafika kwa mitumba. Kwa muuzaji mmoja wa vitabu vya chini, mjini kati, niliokota The Way of Kings, kitabu cha kwanza cha Stormlight, kwa bei ya sahani ya ugali na sato, nikaona nimeokota dhahabu. Nilisoma kurasa arobaini nikidhani mwandishi ameamua kuanzia katikati kwa makusudi, na nikamsifu kwa ujasiri. Ilikuwa sehemu ya pili. Mitumba naipa nafasi ya nne: nenda kwa kuwinda, usiende na orodha. Na kama wewe ni wa kuhesabu mauzo, ujue nakala ya mtumba haimwongezei mwandishi hata senti.

Nafasi ya tatu niliyoiruka ni vitabu vya kusikiliza, na kwa dereva au fundi ningeipandisha hadi ya kwanza. Stormlight inasomwa na Michael Kramer na Kate Reading, mtu na mkewe, na Wind and Truth inapita saa 60. Ni safari nyingi za Mwanza hadi Dar. Kwa ubora wa kawaida faili linakaribia GB 2, basi pakua kwenye Wi-Fi, usilimalize bando la wiki kwa kitabu kimoja. Zile riwaya nne za 2022 mwanzoni hakuwapa Audible, duka la Amazon la vitabu vya kusikiliza, akilalamika kwamba malipo ya waandishi ni madogo, hadi walipokuja na utaratibu mpya wa malipo.

Ya mwisho ni jalada gumu kutoka nje. Bei ya jaladani ya Wind and Truth ni dola 39.99, na lina kurasa zaidi ya 1,300, kwa hiyo unalipia uzito. Book Depository, duka la vitabu la mtandaoni waliokuwa wakisafirisha bure nchi nyingi, walifunga Aprili 2023. Ukiamua lazima, mtafute ndugu anayerudi kutoka huko na nafasi kwenye begi. Ya rafiki yangu wa Kirumba imesimama juu ya kabati la TV, plastiki haijatolewa. Kitabu alikisoma kwenye tableti.