Upasuaji wa saratani hospitali ya kijijini: wodi nyota 4, upasuaji wa kwanza nyota 2, kliniki ya bingwa nyota 5

Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye mzazi wake ameambiwa ana uvimbe na hospitali iliyo karibu ni hii ya kwetu huku kijijini. Jina silitaji, sina nia ya kumchafua mtu, na waliomhudumia mama yangu walimhudumia kwa moyo wote. Ila yapo mambo ambayo laiti mtu angeniambia mapema mama asingepasuliwa mara mbili.

Nianze na mazuri. Manesi wa wodi kwa kweli wanajua kazi, dripu ikikaribia kuisha hujaita wameshafika, kidonda kilisafishwa kila siku na hakikutunga usaha hata kidogo. Daktari wa upasuaji yupo mmoja tu, yeye ndo wa uzazi uliokwama, yeye ndo wa kidole tumbo, yeye ndo wa ajali za usiku, na huyo huyo ndo alimpasua mama ziwa. Anajituma mno yule kijana. Saa nane usiku nilimkuta kwenye korido ameegemea ukuta, kofia ya thieta bado iko kichwani, na saa mbili asubuhi nikamwona anapita raundi.

Sasa tatizo. Mama alikuwa na kiuvimbe ziwa la kushoto, kigumu kama kokoto, hakimuumi. Dokta akasema tukitoe chote halafu ndo kipelekwe kupimwa. Nikaona sawa tu, si kitu kibaya kinatolewa jamani? Kumbe ilitakiwa kwanza achukuliwe kinyama kwa sindano, majibu yarudi, ndo operesheni ipangwe kufuatana na majibu, maana kuna saratani za ziwa ambazo dawa zinatangulia kisu kinafuata. Hilo hakuna aliyetuambia. Kikatolewa, nesi akaniletea kwenye kikopo cha plastiki, fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze, imefika nusu tu, nyama kwa juu iko nje ya dawa, hamna uzi wala alama yoyote, ni jina la mama na tarehe basi. Kikopo nilikibeba mwenyewe mpaka maabara ya mjini, nimekipakata kwenye basi njia nzima nikiogopa kisimwagike.

Majibu yakaja baada ya wiki sita. Saratani. Halafu kuna sentensi moja hapo chini ambayo mwanzoni hata sikuielewa, kwamba saratani imefika kwenye ukingo wa kile kilichokatwa, lakini ukingo huo ni wa upande gani haijulikani. Yaani mpimaji anaiona kabisa kwenye darubini ila hawezi kusema kama ukingo ule ulielekea kwapani, kwenye ngozi au ndani kifuani, kwa sababu nyama ilifika haina alama. Kwa hiyo anayerudia kukata hajui aongeze wapi. Matezi ya kwapani nayo hayakuguswa. Na kipimo cha homoni, kile kinachoamua mgonjwa apewe vidonge gani, kikabidi kirudiwe kwa sababu nyama haikuiva vizuri kwenye dawa.

Wiki zikawa zinakwenda. Kuna utafiti ulitoka 2020 kwenye BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, unasema kila wiki nne upasuaji wa saratani unapochelewa, hatari ya kufa inaongezeka kwa asilimia 6 mpaka 8. Nilivyousoma nikaanza kuhesabu wiki za mama kwa vidole, usiku ule sikulala.

Kilichotuokoa ni kliniki ya bingwa. Mara moja kwa mwezi anakuja daktari bingwa wa upasuaji wa saratani kutoka hospitali kubwa, siku mbili, ya kwanza anaona wagonjwa, ya pili anaingia thieta. Foleni ni ndefu, hilo lazima niseme, tulifika alfajiri tukaonwa saa tisa mchana. Lakini alimsikiliza mama mpaka mwisho, akampima ziwa zote mbili na kwapa zote mbili, akachora kwenye karatasi nini kinatolewa na kwa nini. Na kabla ya kumpasua waliongea kwa video na daktari wa dawa za saratani na mtu wa patholojia, yule anayepima nyama kwa darubini, kesi ya mama ikajadiliwa kama kesi ya mtu mkubwa.

Upasuaji ukafanyika hapa hapa kwetu, na yule kijana wetu akasimama naye mwanzo mwisho. Walipotoka wakanionyesha chombo. Safari hii ni kikubwa, dawa imefunika nyama yote, na kuna nyuzi mbili nyeusi zimeshonwa, moja fupi moja ndefu. Yule kijana ndo akanieleza, "mfupi ni juu, mrefu ni upande wa kwapa", na akasema amezifunga yeye. Nilitokwa na machozi kwa ajili ya nyuzi mbili.

Watu wanauliza kwa nini asiajiriwe bingwa akae moja kwa moja. Kumpata mmoja kunachukua kwa kawaida zaidi ya miaka kumi tangu aingie chuo, na akishafika huku hakuna maabara ya patholojia, hakuna mionzi, hakuna ICU ya wagonjwa mahututi, atafanya nini peke yake? Atageuka wa kidole tumbo na yeye. Na si kwetu tu, tume ya jarida la madaktari wa saratani, Lancet Oncology, mwaka 2015 ilisema zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa wa saratani wanahitaji upasuaji hatua fulani, lakini wanaoupata ulio salama, kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu hawafiki hata robo ya wagonjwa duniani. Mimi naona bingwa anayekuja kila mwezi na kumfundisha aliyepo ni bora kuliko tangazo la ajira linalokaa ukutani miaka.

Nyota 2 za upasuaji wa kwanza sizibadilishi, ila simpi yule kijana, nampa aliyemwacha peke yake na kazi ya watu wanne.

Ukienda kliniki ya bingwa beba faili lote, majibu ya kinyama, na picha za altrasaundi zenyewe, si maelezo tu, wengine siku ile walirudishwa kwa hilo. Na kama mgonjwa wako hajapasuliwa bado, waombe wasubiri siku ya bingwa au wampigie simu kwanza, namba yake wanayo pale ofisi ya thieta. Mama sasa anaendelea na vidonge vya homoni, mkono wa kushoto ameanza kuunyanyua mpaka juu ya kichwa.