Besi ya 7,500: Nzito, Kaidi, na Siiuzi

Nianze na ubaya wa gitaa langu hili la besi, maana ndio mwingi. Ni nzito. Mwili wake ni plaiwudi, na ukishaivaa saa mbili za chakacha, ngoma yetu ya Pwani, bila kukaa utadhani umetundikwa mtungi wa gesi begani. Nyuzi ziko juu mno na shingo ni nene. Kitufe cha toni hakina kazi. Ukikizungusha husikii mabadiliko yoyote ila mkwaruzo kwenye spika. Halafu kuna ile freti ya tano (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) kwenye uzi wa G, ule mwembamba kabisa: ukiubonyeza hapo sauti inatoka vizuri, mara inakatika, kama hukubonyeza sawasawa. Umebonyeza sawasawa. Hapo ndipo mbao yake inapoimeza sauti, na hakuna fundi atakayeitoa.

Jina la kampuni halipo. Pale kichwani pamekwanguliwa, labda na aliyeniuzia, labda na aliyemuuzia yeye. Niliinunua 2013 Mwembe Tayari, hapa Mombasa, kwa mtu aliyekuwa na redio na spika za mkono wa pili kwenye kibanda, nayo imesimamishwa nyuma ya feni mbovu. Shilingi 7,500 pamoja na waya mmoja ambao haukumaliza mwezi. Elfu tatu ni za mama, alizozitoa kwenye zamu yake ya chama, na aliponiona naingia nayo nyumbani akaigonga kwa kidole akasema, "Hiki ni kipande cha mlango, mwanangu." Hakukosea sana.

Naandika haya kwa sababu kila tukimaliza kupiga harusini hukosi kijana, na siku hizi wasichana pia, alhamdulillahi, anayenijia kuuliza: dada, nimeona besi ya bei ndogo, ninunue? Na wakati wanauliza wanaiangalia hii hii iliyo mikononi mwangu, wanaiona imechubuka na kubabuka, wanadhani ni chombo cha thamani kilichozeeka. Kwa hiyo acha niieleze yote.

Umbo ni lile la Fender Precision, besi ya Kimarekani iliyotoka 1951, ambayo hizi za bei ya chini nyingi zinaiga. Pikapu, kile kinachonasa mlio wa nyuzi, ni moja, imegawanywa vipande viwili vilivyopishana, mtindo ambao Fender wenyewe waliuanza 1957. Nyuzi nne: E, A, D, G, okteva moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida. Urefu wa uzi kutoka juu mpaka kwenye daraja, pale nyuzi zinapokaa mwilini, ni inchi 34, yaani milimita 864, na hapo ndipo mtu mfupi kama mimi anapojua hajui. Mkono wangu haufiki freti nne za mwanzo kila kidole na freti yake. Nimejifunza kupiga wanavyopiga wenye besi kubwa za kusimama: kidole cha kwanza, cha pili, halafu cha pete na cha mwisho wanashirikiana kama kidole kimoja. Ukiwa na mkono mdogo usilazimishe kunyoosha vidole, utaumia kifundo cha mkono. Cheza hivyo.

Sauti yake sasa. Chumbani tu, bila kuiunganisha na kitu, ni nyembamba na ya mbao. Iunganishe na ampu (kikuza sauti) nzuri, funga toni (nimesema haifanyi kazi, lakini mimi huifunga vivyo hivyo, mazoea), pigia karibu na shingo badala ya karibu na daraja, na hapo inatoa mlio mfupi, mzito, usio na mkia mrefu. Kwa muziki wa kanisani wa kuvuta-vuta noti, haifai. Kwa chakacha inafaa mno. Chakacha ina mapigo yake sita, na besi ikivuta noti inaziba ngoma; inatakiwa iseme, inyamaze, iiachie ngoma nafasi ya kujibu. Hii besi yangu inanyamaza yenyewe, haina pumzi. Nina Yamaha TRBX174 niliyoipata baadaye, ya mbao nyepesi na pikapu mbili, na kwa kila kipimo ni chombo bora. Hotelini Bamburi ndiyo ninayokwenda nayo, kwa sababu wageni wanataka nyimbo za kila namna na meneja anataka vyombo viwe vinang'aa. Lakini kwenye harusi Majengo au Likoni, kina mama wakishaanza kufunga leso kiunoni, mpiga kinanda wetu ananiuliza kabla hajakaa: umekuja na ya zamani?

Jambo moja la kujua: usiipime besi kwa kusikiliza video kwenye simu. Uzi wa E ukiwa wazi unalia karibu na hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na kile kispika cha simu hakiwezi kabisa kuitoa sauti hiyo. Unachosikia ni vivuli vyake vya juu, ubongo unajazia mengine. Ndiyo maana mtu anaona besi fulani "haina besi" kumbe simu ndiyo haina.

Pwani yetu ina adhabu zake kwa chombo kama hiki. Ya kwanza ni chumvi. Vile viskrubu vidogo vya daraja vilishika kutu mwaka wa kwanza tu, na sasa viwili havizunguki tena hata ukivibembeleza na mafuta ya cherehani. Ya pili ni unyevu. Mvua za masika zikishika, Mei hasa, mbao inavuta maji na shingo inapinda mbele, nyuzi zinapanda. Kaskazi ikirudi na jua lake, shingo inajinyoosha na nyuzi zinaanza kugonga freti. Ndani ya shingo kuna chuma cha kurekebishia, unakizungusha kwa kile kifunguo cha pembe sita, robo mzunguko, unaacha mpaka kesho, unatazama tena. Wengi wanaogopa kukigusa. Ukienda taratibu hakina neno, na kwa besi ya bei hii hiyo robo ya mzunguko inaweza kuwa tofauti kati ya chombo cha kupigika na kuni.

Ya tatu ni nyuzi zenyewe. Seti mpya ya nyuzi za besi ni ghali. Kuna wakati ingekula nusu ya bei niliyonunulia gitaa lote. Kwa hiyo nilizichemsha, kama wapigaji wengi wasio na pesa. Unazifungua, unazikunja taratibu, unaziweka kwenye maji yanayotokota dakika chache, jasho na uchafu uliojibana katikati ya mizunguko ya waya unatoka, maji yanageuka kahawia. Unazikausha haraka na kitambaa, kwa sababu ukiziacha na maji utakuwa umejipandia kutu mwenyewe. Zinarudi kulia kwa siku chache, basi. Mara ya kwanza nilichukua sufuria ya mbaazi. Mama alikuwa anaamka alfajiri kuuza mahamri na mbaazi, akafunua kifuniko akakuta waya. "We mtoto we! Hii sufuria ni ya biashara!" Tangu hapo gitaa lina sufuria yake, iko chini ya kitanda.

Kuna wapigaji watakaokwambia usibadilishe nyuzi kabisa, na watamtaja James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, yule wa Detroit, aliyepiga Precision ya 1962 nyuzi zikiwa juu, kwa kidole kimoja cha shahada, nyuzi zile zile miaka na miaka. Ni kweli. Lakini nyuzi zake zilikuwa bapa, zile ambazo waya wake wa nje ni laini na hauna mifereji ya kuweka uchafu, na Detroit hakuna upepo wa bahari. Zangu ni za mviringo, zinakwaruza, na zinalala umbali wa kutembea kutoka kivuko cha Likoni. Usiige tembo. Gitaa lake hilo liliibwa siku chache kabla hajafariki 1983, na habari hiyo kila nikiikumbuka huitazama hii yangu pale ukutani, nikaenda nikahakikisha mlango umefungwa.

Sasa kile ninachokipenda, ambacho hakimo kwenye bei. Pale kichwa kinapokutana na shingo kuna kile kipande chembamba cheupe chenye mitaro minne ambamo nyuzi hupita. Cha asili kilikuwa plastiki tupu, kikapasuka kwenye mtaro wa E, na uzi ukawa unalala juu ya freti ya kwanza unazomea. Nikampelekea fundi wa mbao pale Majengo, mzee anayetengeneza vitanda, hajawahi kushika gitaa. Akaligeuzageuza, akaniuliza uzi mnene uko upande gani, akanituma buchani nimletee mfupa wa paja la ng'ombe, mkavu, usio na uboho. Akaukata kipande, akakibana kwenye jiliwa, akakipiga tupa, halafu msasa, halafu msasa mwembamba zaidi, akawa kila baada ya muda anakipuliza na kukiweka juani akakitazama kwa jicho moja. Mitaro aliichora kwa msumeno mdogo, akawa ananiambia nikaze uzi, anausikiliza, anaulegeza, anachimba unywele mmoja zaidi. Alichukua mchana mzima. Alinitoza shilingi 300, akakataa 500. Mfupa ni kitu ambacho mafundi wa magitaa ya bei kubwa wanakitumia kwa makusudi, unashinda plastiki kwa mbali. Kwa hiyo besi yangu ya plaiwudi, iliyokwanguliwa jina, ina kipande kimoja ambacho Yamaha yangu haina.

Mkanda ni leso ya mama, imekunjwa mara nne ikashonwa kwa cherehani, nayo haiwashi shingo kama mikanda ya nailoni. Na mwilini, pale unapoegemeza mkono wa kulia, rangi imevimba duara kiasi cha kiganja, kwa sababu kwenye harusi moja Tudor tuliweka vyombo chini tukale, mama mmoja akapita na chetezo akifukiza udi, akakitua juu ya kiti kilichokuwa kimeegemezewa gitaa. Mtu akaniambia nipake rangi upya. Sipaki. Ukinusa karibu, au labda ni mimi tu, bado pana udi.

Mwaka jana kijana mmoja alinipa 10,000, taslimu, mkononi. Nikamwambia hapana, akadhani napandisha bei, akafika 12,000. Besi hii hata 7,500 haina haki nayo. Nikamwonyesha freti ya tano ya G, nikamwonyesha kitufe cha toni, akacheka akasema basi kwa nini huiuzi, nikamwita tukanywe chai.

Kwa hiyo, dada, kaka, ninunue? Nunua, lakini hizo pesa zisiwe zote za gitaa. Weka kando nyingine za nyuzi mpya na za fundi wa kurekebisha shingo, bila hivyo utachukia muziki kabla hujaujua. Kibandani, kabla hujalipa, fanya hivi: ishike kama bunduki, jicho lako liwe darajani, utazame shingo kama imenyooka, kupinda kidogo mbele ni sawa, kupinda kama msokoto ni balaa, iache. Piga kila freti ya kila uzi, zote, hata muuzaji akinuna. Zungusha vifunguo vya kichwani uone kama vinashika. Changu cha uzi wa A huteleza na mimi hukirudisha kila mshereheshaji akishika maikrofoni, wageni hawajui. Besi isiyo na jina si tatizo. Besi yenye jina kubwa kwa bei hiyo hiyo ndiyo ya kuogopa, maana jina linabandikwa kwa stika.

Usidanganywe na rangi wala mwako. Iunganishe na ampu, zungusha vitufe vyote, tikisa pale waya unapoingia. Ikikatika ni lehemu tu, fundi wa redio anaitengeneza kwa pesa kidogo, itumie kupunguzia bei. Na nenda na waya wako mwenyewe.